Nani Analipa Kiti cha Athletics

Shibe Park ulifunguliwa Philadelphia tarehe 12 Aprili 1909. Ulikuwa uwanja wa kwanza wa besiboli ya kulipwa nchini Marekani kujengwa kwa chuma na zege. Ujenzi ulikula zaidi kidogo ya dola 300,000, na uwanja ulichukua watu 23,000. Ukigawanya, kiti kimoja kilisimama kwa dola 13. Timu hiyohiyo, Athletics, sasa inajengewa uwanja Las Vegas unaokadiriwa kufika dola bilioni 2 kwa watazamaji 33,000. Kiti kimoja hapo ni zaidi ya dola 60,000.

Mfumuko wa bei hauwezi kueleza pengo hilo peke yake. Dola 13 za 1909 zina uwezo wa kununua wa takriban dola 450 za leo. Katikati ya viwanja hivyo viwili upo Oakland Coliseum, uliofunguliwa 1966 kwa dola milioni 25.5 pamoja na ukumbi wa ndani ulio jirani yake. Hata tukiutwisha uwanja gharama yote, kwa watazamaji 50,000 wa besiboli kiti kinatoka dola 510, yaani karibu dola 5,000 za leo. Kwa thamani halisi, basi, kiti kilipanda mara 11 kati ya 1909 na 1966, kisha mara 12 nyingine tangu hapo.

Linaloniuma zaidi ni swali la pili: nani alilipa? Mwaka 1909 alilipa mwenye timu. Mwaka 1966 zililipa serikali mbili, jiji la Oakland na Kaunti ya Alameda. Mwaka 2023 bunge la Nevada liliidhinisha hadi dola milioni 380 za umma kwa ajili ya Las Vegas. Sehemu ya mzigo wa kujenga imehama kutoka mfuko wa mtu kwenda mfuko wa wote, lakini faida ya timu kupanda thamani imebaki palepale ilipokuwa, kwa mwenye timu.

Mzee Mack na duka lake

Athletics ilianza 1901, mwaka ambao American League ilijitangaza kuwa ligi kuu na kuanza kushindana na National League. Bingwa wa ligi moja hukutana na bingwa wa nyingine katika fainali inayoitwa World Series. Benjamin Shibe, mtengenezaji wa vifaa vya michezo, alishika nusu ya hisa za timu. Kocha Connie Mack alishika robo. Mack aliifundisha misimu 50 mfululizo, hadi 1950, akikaa benchi na suti na tai wakati makocha wenzake wakivaa jezi. Katika maisha yake ya ukocha alishinda mechi 3,731 na kupoteza 3,948, na hakuna kocha aliyemfikia katika namba yoyote kati ya hizo mbili.

Mwaka 1902 John McGraw, kocha aliyekuwa New York Giants, alidai kwamba Shibe amejinunulia tembo mweupe, akimaanisha mali inayokula kuliko inavyozalisha. Mack akamchukua tembo huyo akamfanya nembo ya timu, na kwa miaka mingi wachezaji wamembeba kwenye mkono wa jezi. Ila wasiwasi wa McGraw ulikuwa na msingi. Wakati huo hapakuwa na redio wala televisheni ya kununua haki za matangazo. Timu iliishi kwa viingilio, na mvua ikinyesha Jumamosi mbili mfululizo, mishahara ilitikisika.

Mack alishinda ubingwa 1910, 1911 na 1913. Wachezaji wake wanne wa safu ya ndani walijulikana kama safu ya dola 100,000. Mwaka 1914 ikaibuka ligi ya tatu, Federal League, ikawarubuni wachezaji kwa mishahara minono, na Oktoba ya mwaka huo Athletics ikafungwa mechi 4 kwa 0 na Boston Braves katika fainali. Mack akafungua duka. Eddie Collins aliuzwa Chicago White Sox kwa dola 50,000, fedha ambazo zingetosha kujenga moja ya sita ya Shibe Park. Wengine wakafuata. Msimu wa 1916 timu ilishinda mechi 36 na kupoteza 117, asilimia 23.5 ya ushindi, kiwango kibaya kuliko vyote katika ligi hizi mbili tangu 1901.

Akajenga upya kwa uvumilivu, akatwaa ubingwa 1929 na 1930, kisha Mdororo Mkuu wa uchumi ukamkuta na mishahara mikubwa na viti vitupu. Duka likafunguliwa tena. Al Simmons na wenzake wawili walikwenda kwa dola 100,000 mwaka 1932. Mickey Cochrane akaenda kwa 100,000 mwaka uliofuata, na Lefty Grove, mmoja wa warushaji bora kupata kutokea, akauzwa pamoja na wengine wawili kwa 125,000. Simwoni Mack kuwa bahili kama alivyoitwa. Hakuwa na kiwanda wala shirika nyuma yake. Wachezaji ndio waliokuwa akiba yake, na mwenye duka asiye na akiba nyingine huuza kilichopo rafuni.

Mwisho ulikuja 1954. Mechi za nyumbani zilikuwa 77, watazamaji wa msimu mzima 304,666, chini ya 4,000 kwa mechi. Familia ya Mack, ikiwa imezama katika madeni, ikamuuzia timu Arnold Johnson, mfanyabiashara wa Chicago, kwa takriban dola milioni 3.5. Johnson akaihamishia Kansas City.

Mji mpya hulipa

Kansas City tuipite haraka kwa sababu uwanjani hapakuwa na la kusimulia: misimu 13, na hata mmoja timu haikushinda zaidi ya ilivyopoteza. Roger Maris alipelekwa New York Yankees mwishoni mwa 1959, na miaka miwili baadaye akavunja rekodi ya Babe Ruth akiwa huko. Namba moja ya Kansas City ndiyo yenye uzito. Msimu wa kwanza, 1955, waliingia watazamaji 1,393,054, zaidi ya mara nne na nusu ya Philadelphia mwaka uliotangulia. Timu ilikuwa mbovu vilevile. Mji ndio uliokuwa mpya, na jiji ndilo lililoukarabati na kuupanua uwanja. Kila mmiliki wa timu Marekani aliiona hesabu hiyo akaielewa.

Charles Finley, tajiri wa bima, aliielewa kuliko wengi. Baada ya Johnson kufariki 1960, Finley alinunua timu, na kwa msimu wa 1968 akaipeleka Oakland, California, kwenye uwanja wa umma uliokuwa na umri wa miaka miwili. Mechi ya kwanza ya nyumbani ilihudhuriwa na watu 50,164. Tarehe 8 Mei mwaka huohuo Catfish Hunter alirusha mechi nzima bila mpinzani hata mmoja kufika kituo cha kwanza, jambo adimu mno katika besiboli. Walioishuhudia walikuwa 6,298. Tangu mwanzo Oakland ilikuwa hivyo: umati siku ya sherehe, viti vitupu katikati ya wiki.

Finley aliwalipa wachezaji dola 300 kila mmoja mwaka 1972 wafuge masharubu, na timu hiyo yenye masharubu ikatwaa ubingwa mara tatu mfululizo, 1972, 1973 na 1974. Lakini mkataba wa Hunter wa 1974, wenye thamani ya dola 100,000, ulitaka nusu yake ilipwe katika mfuko wa uzeeni, na Finley hakulipa. Msuluhishi Peter Seitz akaamua Desemba kwamba mkataba umevunjwa na mchezaji yuko huru. Yankees wakamchukua kwa mkataba wa miaka mitano wenye thamani ya zaidi ya dola milioni 3. Kabla ya hapo timu ilimfunga mchezaji maisha yake yote kwa kifungu cha mkataba. Sasa kila mchezaji alijua bei yake sokoni, na mwaka mmoja baadaye Seitz huyohuyo akakivunja kifungu chenyewe.

Finley akafanya alichofanya Mack. Tarehe 15 Juni 1976 aliwauza Vida Blue kwa Yankees kwa dola milioni 1.5, na Joe Rudi na Rollie Fingers kwa Boston Red Sox kwa milioni moja kila mmoja. Siku tatu baadaye Bowie Kuhn, kamishna wa besiboli, akafuta mauzo yote. Finley alikwenda mahakamani akashindwa. Mikataba ilipokwisha, Rudi na Fingers waliondoka wenyewe, na Finley hakupata senti kwao.

Tarehe 17 Aprili 1979 Athletics ilicheza na Seattle Mariners mbele ya watazamaji 653. Fikiria Coliseum ulivyo: bakuli la zege la watu 50,000, na kwa kila aliyekaa kuna viti zaidi ya 75 visivyo na mtu. Msimu ulifungwa na watazamaji 306,763. Philadelphia ya 1954 na Oakland ya 1979 zinapishana kwa watu wapatao 2,000 tu. Tofauti ni kwamba safari hii timu haikuhama, kwa sababu mwaka uliofuata aliinunua mtu wa hapohapo.

Hesabu mbili za mara 6.7

Walter Haas, wa familia yenye kampuni ya Levi Strauss, alilipa dola milioni 12.7. Alijenga mfumo wa kukuza vijana, akalipa wachezaji, akaufungua uwanja kwa jamii. Mwaka 1989 timu iliitandika San Francisco Giants 4 kwa 0 katika fainali iliyosimamishwa siku kumi na tetemeko la ardhi la 17 Oktoba. Mwaka 1990 waliingia watazamaji 2,900,217, na mwaka 1991 mishahara ya Athletics ilikuwa ya juu kuliko ya timu zote za ligi. Haya yalitokea Oakland, katika uwanja uleule uliowahi kuingiwa na watu 653. Anayesema kwamba mji huo haukuwa na mashabiki inabidi azijibu kwanza namba hizi.

Mwaka 1995 timu iliuzwa kwa Steve Schott na Ken Hofmann kwa dola milioni 85. Gawa 85 kwa 12.7, unapata mara 6.7 katika miaka 15.

John Fisher, mrithi wa utajiri wa maduka ya Gap, aliinunua na Lew Wolff mwaka 2005 kwa dola milioni 180. Katika miaka yake timu haijafika World Series hata mara moja. Mwaka 2023 ilipoteza mechi 112, na mishahara yake ilikuwa ya chini kuliko ya timu yoyote katika ligi. Jarida la Forbes liliikadiria mwaka 2024 kuwa na thamani ya takriban dola bilioni 1.2. Gawa kwa 180, unapata tena mara 6.7, katika miaka 19.

Bei za vitu zilipanda kwa takriban asilimia 85 katika miaka ya Haas na asilimia 60 katika ile ya Fisher, kwa hiyo ukiondoa mfumuko, Fisher ndiye aliyefaidika zaidi. Haas aliwekeza, Fisher alibana, na soko likawapa daraja linalokaribiana. Timu za ligi kuu ni 30 tu, ligi ndiyo inayoamua nani aingie, na bei ya kitu adimu hupanda kiwe kinatunzwa au kimetelekezwa.

Kati ya wawili hao kuna kipindi kilichoipa Athletics jina duniani. Msimu wa 2002 mishahara yake ilikuwa karibu dola milioni 40, ya Yankees karibu milioni 126, na timu zote mbili zilishinda mechi 103. Ushindi mmoja uliigharimu Oakland takriban dola 388,000 na Yankees dola milioni 1.2. Meneja mkuu Billy Beane alinunua wachezaji waliodharauliwa kwa kuangalia takwimu zilizopuuzwa, hasa uwezo wa mpigaji kufika kituo kwa njia yoyote ile. Mmoja wao, Scott Hatteberg, alikuwa mdakaji aliyeumia mkono akashindwa kurusha. Tarehe 4 Septemba Athletics iliongoza 11 kwa 0 dhidi ya Kansas City Royals, ikakubali kusawazishwa 11 kwa 11, na Hatteberg akaupiga mpira nje ya ukuta katika raundi ya mwisho. Ulikuwa ushindi wa 20 mfululizo, mbele ya watu 55,528. Michael Lewis aliandika kitabu cha Moneyball mwaka uliofuata, na filamu ikaja 2011. Sifa ya Beane ni halali. Ila simulizi hiyo iliwapa wamiliki kisingizio kizuri mno: ubahili ukaanza kuitwa akili, na mashabiki wakafundishwa kushangilia bajeti.

Uwanja wenyewe uliharibiwa na siasa za mchezo mwingine. Mwaka 1995 jiji na kaunti zilikopa karibu dola milioni 200 kwa hatifungani ili kuirudisha Raiders, timu ya futiboli ya Kimarekani, na ukajengwa ukuta wa viti uliofunika mandhari ya vilima vya Oakland. Watu wakauita Mount Davis, kwa jina la mwenye Raiders. Mwaka 2006 Athletics ilifunika viti vyote vya ghorofa ya juu kwa maturubai. Raiders ilihamia Las Vegas 2020, ikipewa dola milioni 750 za umma, na deni la Mount Davis likabaki Oakland. Juni 2013 maji taka yalifurika vyumba vya kuvalia baada ya mechi, wachezaji wa timu zote mbili wakapanda kuoga pamoja katika chumba cha Raiders.

Fisher alijaribu kujenga uwanja mpya Fremont, akajaribu San Jose ambako Giants walizuia kwa haki ya eneo, kisha akapendekeza mradi wa dola bilioni 12 bandarini Oakland, Howard Terminal, wenye nyumba, ofisi na uwanja ndani yake. Mazungumzo yaliendelea hadi Aprili 2023, timu ilipotangaza kwamba imepata ardhi Las Vegas.

Mashabiki walijibu tarehe 13 Juni 2023. Walikuwa wamelaumiwa kwa kutokuja, wakaamua kuja wote siku moja, Jumanne, dhidi ya Tampa Bay Rays iliyokuwa ikiongoza ligi. Waliingia 27,759, wengi wakiwa na fulana za kijani zenye neno moja la kumtaka Fisher auze. Timu ilishinda 2 kwa 1. Klabu ilitoa mapato ya tiketi ya usiku ule kwa hisani, zaidi ya dola 800,000.

Hiyo ni takriban dola 29 kwa mtu. Tuseme kila aliyeingia msimu ule wa 2023, watu 832,352, alilipa kiasi hicho: jumla ni dola milioni 24. Mkataba wa timu na kituo cha televisheni cha Bay Area, eneo la Oakland na San Francisco, uliripotiwa kuwa na thamani ya karibu dola milioni 70 kwa mwaka. Juu yake kuna mgawo sawa wa matangazo ya taifa na fedha zinazotoka kwa timu tajiri kwenda kwa timu maskini. Mack aliishi kwa viingilio, akifuatwa na njaa kila viti vilipokuwa vitupu. Fisher aliweza kuishi bila mashabiki, na mashabiki hawakuwa na namna ya kumbana. Siku mbili baada ya usiku ule gavana wa Nevada alitia saini sheria ya dola milioni 380. Novemba wamiliki wa timu za ligi walipiga kura kuridhia timu ihame, 30 kwa 0.

Tarehe 26 Septemba 2024 watu 46,889 waliiaga timu Coliseum, na ikaifunga Texas Rangers 3 kwa 2. Uwanja wa Las Vegas ukiwa bado haujaanza kujengwa, Athletics ilihamia West Sacramento, katika uwanja wa timu ya daraja la chini unaochukua watu 14,000 hivi, ikibaki ndani ya eneo la mkataba uleule wa televisheni. Katika mechi ya kwanza huko, 31 Machi 2025, ilifungwa na Chicago Cubs 18 kwa 3.

Sasa Las Vegas, ambako ufunguzi umepangwa 2028. Fedha za umma pekee, ukizigawa kwa watazamaji 33,000, ni dola 11,500 kwa kiti. Ni nafuu za kodi za jimbo na hatifungani za kaunti zitakazolipwa kwa kodi zinazozalishwa na uwanja wenyewe, ndiyo maana idadi ya watakaoingia ni suala la walipa kodi pia. Chama cha walimu wa Nevada kilitaka jambo hili lipigiwe kura na wananchi, lakini Mahakama ya Juu ya jimbo ilikataa mwaka 2024 kwa hoja kwamba maelezo ya ombi hayakutosha. Uwanja ukijaa kila siku, mechi 81, watakaoingia ni watu 2,673,000 kwa msimu. Katika misimu yake 57 Oakland timu ilivuka namba hiyo mara mbili tu, 1990 na 1991, chini ya Haas. Hata hivyo Las Vegas itategemea watalii, ambao wengi wao wana timu zao kwao.

Nevada imejikinga kwa sharti moja: timu isihame kwa miaka 30. Philadelphia ilikaa nayo misimu 54, Kansas City 13.